Msenesio mkubwa wa Virunga: dalili zinazotisha na chanzo chake

Tangu simu zenye kamera zienee mjini Goma, mashariki mwa Kongo, wanafunzi wangu wa zamani, ambao baadhi yao leo ni wabeba mizigo mlimani, wengine waongozaji wa wageni na wengine walimu kama mimi, wamekuwa wakinitumia picha za mmea ule ule na swali lile lile: “Mwalimu, mti huu unaumwa nini?” Picha nyingi zimepigwa karibu na kilele cha volkano ya Nyiragongo, nyingine kwenye miteremko ya Mikeno na Karisimbi, na chache zimetoka Kahuzi, upande wa Bukavu. Mti unaoonekana ni msenesio mkubwa: shina nene lililovikwa majani makavu, na juu yake shungi la majani mapana ya kijani, mithili ya shu (kabichi) la sokoni lililowekwa juu ya nguzo.

Nimejibu picha hizo moja moja kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba misenesio mingi niliyoletewa kama wagonjwa haikuwa na ugonjwa wowote, ilhali baadhi ya ile iliyokuwa ikifa kweli ilikuwa imeuawa na mtu aliyetaka kuisafisha. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu mti huu hukua polepole mno na hauna wa kuusemea. Kwa hiyo nimeziandika hapa dalili ninazoulizwa mara kwa mara pamoja na chanzo cha kila moja, ili anayefika mlimani ajue lini apite zake, lini atoe taarifa, na lini aondoe mkono wake haraka.

Mmea wenyewe

Msenesio ni wa jamii ya alizeti, jamii moja na saladi tunayokula, maua ya krizantemu ya bustanini, na pareto iliyolimwa katika nyanda za juu za Kivu. Ukilitazama ua lake kwa karibu utaona undugu huo: kile kinachoonekana kama ua moja la njano ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyobanana, kama ilivyo kwa alizeti. Zamani wataalamu waliuweka katika jenasi ya Senecio, hadi mwaka 1978 misenesio mikubwa ya milima ya Afrika ilipotengewa jenasi yake yenyewe, Dendrosenecio. Spishi inayojulikana sana kwetu, inayoota Virunga na pia Rwenzori, ni Dendrosenecio erici-rosenii, jina linalomkumbuka msafiri wa Sweden aitwaye Eric von Rosen. Mlima Kahuzi, wenye kimo cha mita 3,308, nao unatajwa kwa senesio wake, Senecio kahuzicus.

Wengi huuchanganya msenesio na lobelia, kwa kuwa mimea hiyo miwili hukaa jirani na yote miwili ni mikubwa kupita kawaida. Lobelia si wa jamii ya alizeti. Hutoa mnara mmoja mrefu wa maua uliosimama wima katikati ya shungi, na spishi nyingine, kama Lobelia telekii wa Mlima Kenya, huchanua mara moja tu kisha mmea wote hufa. Nimewahi kutumiwa picha ya “msenesio uliokufa ghafla” ambao haukuwa msenesio kamwe. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ya kutafuta tatizo ni kuhakikisha kwamba mti ulio mbele yako una shina la miti kweli, mara nyingi lenye matawi yaliyogawanyika, na maua ya njano katika kishada kilichotanuka.

Maswali matatu kabla ya kutaja ugonjwa wowote

Anayenitumia picha bila kuniambia saa aliyoipiga ameninyima nusu ya jibu. Katika milima hii tofauti kati ya majira haimo sana ndani ya mwaka. Imo ndani ya siku moja. Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Olov Hedberg, aliyeichunguza mimea ya vilele vya Afrika kwa miaka mingi, alieleza kwamba huko juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Mmea unaoishi hivyo lazima ubadilike mara mbili kwa siku, na anayeuona saa kumi na mbili asubuhi haoni mmea ule ule atakaouona saa sita mchana. Swali la kwanza, basi, ni saa.

Swali la pili ni upande. Je, dalili iko kuzunguka mti wote, au iko upande mmoja tu? Kama ni upande mmoja, upande huo unatazama wapi: kwenye kasoko (shimo la mdomo wa volkano), kwenye njia ya watu, au kwenye mteremko ulio wazi? Swali la tatu ni jirani: misenesio mingine iliyo karibu inaonekana namna gani? Dalili inayoonekana kwenye kila mti wa eneo karibu kamwe haitokani na ugonjwa wa mti mmoja, na dalili iliyo kwenye mti mmoja tu, katikati ya wenzake wenye afya, mara nyingi ina alama ya panga, ya kiatu au ya jino mahali fulani chini yake.

Dalili: majani yamefumba na kusimama kama ngumi

Hii ndiyo picha ninayotumiwa zaidi, na karibu kila mara imepigwa alfajiri, wakati wageni walipokuwa wakitoka kwenye vibanda vya kilele cha Nyiragongo wakitetemeka. Majani yote ya shungi yameinuka, yamelaliana na kufunika katikati, na wakati mwingine yana ukungu mweupe wa jalidi mgongoni. Mpigaji picha anaogopa kwamba mti umegandishwa.

Hakuna tatizo. Usiku unapoingia, majani ya nje huinuka na kuyafunika machanga, na shungi zima hugeuka kuwa bumba lililofungwa. Ndani ya bumba hilo kuna sehemu moja ambayo mti hauwezi kuipoteza, yaani ncha ya kukua, mahali ambapo kila jani jipya huzaliwa. Majani ya nje yanaweza kupata barafu na kuyeyuka bila kufa, lakini ile ncha iliyo katikati hulindwa na tabaka za majani yanayoizunguka ili joto la mchana lisiiponyoke upesi. Jua likishachomoza na kuwasha mteremko, bumba hufunguka.

La kufanya ni kusubiri. Nimewaona vijana wakiyabandua majani kwa mikono ili “yapate jua,” na kwa kitendo hicho wakayavunja yakiwa bado yameganda, maana jani lenye barafu huvunjika kama kioo chembamba. Kama kuna mawingu na baridi inaendelea, shungi linaweza kuchelewa kufunguka, na hilo nalo si ugonjwa. Shaka halali huanza tu pale ambapo jua kali limewaka kwa saa kadhaa, misenesio ya jirani yote imefunguka, na mmoja tu umebaki umefumba au umefunguka nusu huku majani ya nje yakiwa laini. Hapo nenda kwenye dalili ya kulegea, nitakayoieleza baada ya ile inayofuata.

Dalili: shina limejaa majani yaliyokufa

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo misenesio inapouawa.

Chini ya shungi la kijani, msenesio hubeba majani yake ya zamani. Hayaanguki. Hukauka, huinama na kubaki yamelaliana kuzunguka shina, tabaka juu ya tabaka, mpaka mti unaonekana umevaa joho zito la rangi ya kahawia. Kwa macho ya mtu aliyezoea migomba, kazi ni dhahiri: mgomba wenye majani makavu husafishwa, na mkulima asiyeusafisha huonekana mvivu. Mzoea huyo akifika kwa msenesio, mkono wake huenda wenyewe. Wengine huvuna joho hilo kwa sababu tofauti kabisa, kwani majani hayo ni makavu, hushika moto upesi, na ukiyatandika chini hufanya kitanda chenye joto usiku. Papa mmoja wa Kibati, mahali inapoanzia njia ya kupanda Nyiragongo, aliyebeba mizigo mlimani tangu ujana wake, aliniambia kwamba zamani hakuna aliyeona ubaya wa kuvua mti mmoja kwa ajili ya kuwashia makaa. Hakusema hivyo kwa ukaidi. Hakuna aliyewahi kumweleza joho lile lina kazi gani.

Kazi yake ni hii. Maji hupanda kutoka mizizini hadi kwenye majani kupitia shina, na shina likiganda usiku, njia hiyo hufungwa. Asubuhi jua la milimani huwaka ghafla na kwa ukali, majani hufunguka na kuanza kupoteza maji hewani, ilhali udongo bado ni baridi na mizizi haijaanza kazi yake sawasawa. Ikiwa wakati huo shina nalo limeganda, majani yatakauka huku mti ukiwa umesimama kwenye udongo wenye unyevu. Ni kiu katikati ya maji. Msenesio umejikinga na hali hiyo kwa njia mbili zinazotegemeana: katikati ya shina una kiini laini kinachohifadhi maji ya kuanzia siku, na nje ya shina una joho la majani makavu linalozuia baridi ya usiku isifike kwenye kiini hicho. Ghala bila joho hugeuka barafu.

Tunalijua hili pia kutokana na ndugu wa mbali wa msenesio. Katika milima ya Andes ya Venezuela, Kolombia na Ekwado kuna mmea mwingine wa jamii ya alizeti uitwao espeletia, ambao ulifikia umbo lile lile bila kuwa na uzazi wa karibu na wetu: shina nene, joho la majani makavu, shungi juu. Watafiti waliivua majani makavu baadhi ya espeletia ili waone kitakachotokea, na mashina yaliyovuliwa yakashindwa kupitisha maji vizuri baada ya usiku wa baridi, na mimea ikadhoofika hadi kufa.

Kwa hiyo ukiona joho limekamilika kutoka chini ya shungi hadi karibu na ardhi, mti huo uko katika hali nzuri kabisa, na kadiri joho linavyoonekana zito na chakavu ndivyo lilivyo bora. Ukiona limepungua sehemu ya chini tu, kwenye mti mzee, hilo pia ni la kawaida, kwa kuwa majani ya miaka mingi huoza, na shina la mti mzee huwa limejenga gome nene lenye asili ya kizibo ambalo nalo hukinga. Lakini ukiona shina limeachwa wazi mara tu chini ya shungi, mahali ambapo majani yalikauka si zamani, au ukiona vishikio vya majani vimekatika vyote kwa usawa mmoja, basi mti umevuliwa na mtu.

Mti uliovuliwa hauna dawa ya haraka. Majani yaliyotolewa hayarudishwi, na joho jipya litajengwa kutoka juu tu, jani kwa jani, kadiri majani ya kijani yanavyozeeka. Kinachowezekana ni kuzuia usivuliwe zaidi: mwonyeshe mlinzi wa hifadhi mahali ulipo, hamisha eneo la kupumzikia au la kuwashia moto likae mbali na misenesio, na wasimulie wenzako wa msafara sababu kabla hawajachoka na kutafuta kitu cha kukalia. Kwa anayeongoza wageni ningependa neno hili lisemwe Kibati, kabla ya kuanza kupanda, wakati watu bado wana pumzi ya kusikiliza.

Dalili: majani ni ya kijani lakini yamelegea na kuning'inia

Dalili hii ni ya kweli, na inastahili uchunguzi. Anza na saa. Kulegea kidogo saa mbili au saa tatu asubuhi, jua linapopiga kwa mara ya kwanza, kunaweza kupita mizizi ikishapata joto. Kulegea kunakodumu hadi mchana kunamaanisha kwamba maji hayafiki juu, na hapo unatafuta njia yao ilipokatika kwa kushuka na macho kutoka kwenye shungi hadi ardhini.

Chini ya shungi, tazama joho, kwa sababu zilizotangulia. Katikati ya shina, tafuta jeraha: ufa, tundu, au mahali palipokatwa kwa panga ili kupata fimbo au kupanua njia. Chini kabisa, tazama mizizi. Miteremko ya Virunga ni majivu na vipande vya lava, udongo unaosogea kirahisi chini ya viatu, na njia inayopita karibu na mti hugeuka mfereji mvua inaponyesha. Nimeona msenesio uliosimama kando ya njia ukiwa na mizizi upande mmoja imening'inia hewani. Tatizo la mti huo haliko kwenye mti, liko kwenye njia, na dawa yake ni kuihamisha njia hatua chache au kuweka mawe ya kugeuza maji, kazi ambayo hufanywa na wahusika wa hifadhi, si na mpita njia.

Dalili: shina limepasuliwa na kiini chake hakipo

Ikiwa uko kwenye miteremko ya Mikeno, Karisimbi au Bisoke, usimtafute mwizi. Sokwe wa milimani, yaani ngagi, hula kiini cha msenesio. Hulivunja shina au tawi, hulipasua kwa mikono na meno, na kula ile sehemu laini ya ndani yenye maji, kisha huyaacha maganda yametapakaa. Jeraha lake ni la nyuzi nyuzi, lisilo na mstari ulionyooka, na kwa kawaida mimea mingine ya karibu nayo imelazwa na kutafunwa. Jeraha la panga lina uso bapa na mkato ulionyooka. Tofauti hiyo inatosha.

Mti ulioliwa unaweza kufa au kuchipua kutoka kwenye tawi lililosalia. Hakuna cha kufanya, na wala hakuna sababu ya kusikitika, kwa kuwa ngagi na msenesio wameishi pamoja kabla hatujafika kuwahesabu. Ila kama jeraha ni bichi, ondoka hapo polepole, maana aliyelifanya hajaenda mbali.

Dalili: kichwa kimoja cha mti kimekauka chote

Msenesio wenye matawi manne unaweza kuwa na mashungi matatu ya kijani na moja lililokauka, jeusi, lenye mabua yaliyosimama katikati. Wengi hudhani kwamba ugonjwa umeanza kwenye tawi hilo na utashuka, na hutaka kulikata ili kuokoa mengine.

Angalia yale mabua. Ni mabaki ya kishada cha maua. Shungi la msenesio hutoa maua kutoka kwenye ncha yake ya kukua, na ncha ikishatumika kwa maua haiwezi tena kuzaa majani, kwa hiyo shungi hilo humaliza kazi yake na kufa. Chini yake machipukizi ya pembeni huamka na kuwa matawi mapya. Ndiyo maana msenesio mchanga ni nguzo moja tu, na mzee ana umbo la kinara cha mishumaa: kila mgawanyiko wa tawi ni kumbukumbu ya mara moja uliyochanua. Kwa kuwa haichanui kila mwaka, na kwa kuwa kwenye Mlima Kenya misenesio imeonekana ikichanua kwa wingi kwa pamoja kisha ikakaa miaka mingi bila maua, unaweza kukutana na mwaka ambao vichwa vilivyokauka ni vingi mlima mzima, na watu wakatangaza tauni. Tafuta machipukizi chini ya shungi lililokufa. Yakiwepo, mti unaendelea na maisha yake. Usikate.

Kichwa kilichokauka bila mabua ya maua ni jambo jingine. Hapo ncha ya kukua imekufa kwa sababu isiyo ya kawaida, na unarudi kwenye maswali ya joho, jeraha na mizizi.

Dalili: kingo za majani zimeungua na kuwa za kahawia

Hapa swali la upande ndilo linaloamua, na ni dalili inayowahusu hasa wanaopanda Nyiragongo. Volkano hii, yenye kimo cha mita 3,470, hutoa gesi za salfa na gesi nyingine zenye tindikali hata pasipokuwa na mlipuko. Gesi hizo huingia ndani ya jani kupitia vitundu vyake vya kupumulia, na zikikutana na unyevu, iwe ni ukungu au mvua, huwa tindikali inayounguza kingo na ncha kwanza, kisha madoa katikati ya jani. Upepo wa eneo hili mara nyingi huupeleka moshi upande wa magharibi, ndiyo maana wakulima wa huko wanalijua vema jambo hili kwa maharage yao, nasi wa mjini tunalijua kwa mabati yanayoliwa na kutu.

Ukiona majani ya upande unaotazama kasoko yameungua kuliko ya upande mwingine, na misenesio ya jirani iko hivyo hivyo, na hata mimea ya aina nyingine imepatwa, chanzo ni gesi. Majani mapya yanayotoka katikati ya shungi ndiyo yatakayokuambia kama hali inaendelea: yakitoka mazima, moshi umepungua au umegeuka, yakitoka yameshaungua, bado. Majivu yanayotua juu ya majani hudhuru kwa namna nyingine, kwa kufunika mwanga, lakini mvua huyaosha. Usiyapanguse kwa kitambaa. Majivu ya volkano ni vipande vidogo vya kioo na mawe, na ukiyasugua utalikwaruza jani.

Milipuko ya tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021 tunaikumbuka Goma kwa nyumba na watu tuliowapoteza, na hakuna atakayetulaumu kwa kutokumbuka mimea. Hata hivyo anayechunguza msenesio wa Nyiragongo asisahau kuuliza volkano imekuwa ikifanya nini katika miezi iliyotangulia, kwa kuwa mti huishi na kasoko kama sisi tunavyoishi nayo.

Dalili: shina jeusi

Ni moto. Joho kavu likishika cheche, huungua lote kwa muda mfupi kutoka chini hadi juu. Gome nene huokoa shina lenyewe mara nyingi, na shungi likibaki la kijani mti unaweza kuonekana umepona, lakini kuanzia usiku ule ni mti uliovuliwa, na hatima yake ni ile niliyokwisha kuieleza. Uchunguze tena baada ya miezi kadhaa kabla ya kusema umenusurika.

Dalili: miche imelala juu ya ardhi na mizizi yake iko nje

Kwenye ardhi iliyo tupu, hasa kando ya njia, maji yaliyo kwenye udongo huganda usiku na kuota kama sindano za barafu zilizosimama, ambazo huinua udongo wa juu pamoja na kila kilichopandwa humo. Mchana sindano huyeyuka na udongo huporomoka. Mche mdogo ukiinuliwa hivi usiku baada ya usiku, hung'oka bila mkono wa mtu kuugusa. Ardhi yenye majani yaliyoanguka au nyasi haiinuki kirahisi hivyo, na ndiko utakakokuta miche iliyosimama. Funzo kwa msafara ni kutembea ndani ya njia iliyopo na kutoitanua, kwa sababu kila hatua nje ya njia hufungua kipande kingine cha ardhi tupu.

Dalili: mche ulioletwa Goma umeoza ndani ya kopo

Hili huulizwa kwa aibu, kwa hiyo nitalijibu bila kumwaibisha mtu. Aliyeushusha mche kutoka mlimani ameutoa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na sheria ya Kongo namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile inakataza kuchukua mimea ndani ya hifadhi bila kibali. Hilo lingetosha. Lakini aliyefanya hivyo kwa mapenzi ya maua anahitaji kujua pia kwa nini umekufa.

Joto hupungua kwa karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi na wastani wake wa joto ni karibu nyuzi 20, kwa hiyo karibu na kilele cha Nyiragongo wastani ni kama nyuzi 8, na karibu na kilele cha Karisimbi, kwenye mita 4,507, ni nyuzi 2 tu. Mche uliozaliwa katika baridi hiyo umejengwa kufanya kila kitu polepole: hukua sentimita chache tu kwa mwaka, na hufumba kila usiku. Katika joto la mitaa ya Goma kama Katindo au Himbi hupumua kwa kasi usiku kucha, hutumia sukari iliyokusudiwa kuudumisha, na majani yake mazito, yaliyobanana, hushika unyevu wa joto ambao ukungu wa kuoza huupenda. Kuumwagilia zaidi huharakisha kifo. Kuuweka kivulini huupunguzia mwanga bila kuurudishia baridi yake. Hakuna udongo, hata ule wa lava tulio nao tele, utakaoziba pengo la nyuzi kumi na mbili.

Anayetaka kuwa na mmea wa jamii hii uani pake ana alizeti na krizantemu, ambazo hustawi vizuri kwenye mawe yetu zikipewa mbolea ya samadi kidogo. Na anayetaka kunitumia picha nyingine ya msenesio namwomba aniandikie chini yake saa aliyoipiga, kimo alichokuwepo, upande jani lililoharibika linakotazama, na apige pia picha ya pili ya shina zima kutoka ardhini hadi kwenye shungi, bila kuvua jani hata moja.